Kisa: Imeili ziligoma, halafu ikaja fomu inayotaka namba ya NIDA

Hiki ni kisa cha ofisi moja hapa Dodoma, kinu cha kukamua alizeti. Majina nimetoa, mtaa nimetoa, kiasi cha hela nimekizungusha kidogo, na wenyewe wamekisoma wakasema sawa, weka. Mi niliitwa kama fundi kompyuta wa kuazima, sio mfanyakazi wa pale. Nimekiandika kwasababu watu wengi wanachanganya imeili kuzuiwa na kutapeliwa, na hapa vilikuwa vitu viwili tofauti kabisa vilivyokutana wiki moja. Kilichookoa hela ni kujua kipi kianze kutatuliwa na kipi kisubiri.

## Ofisi yenyewe

Kinu kinanunua mbegu Kibaigwa na kwa wakulima wa Kongwa na Chemba, mafuta yanaenda shule za bweni, hoteli na maduka, mashudu yanaenda kwa wafugaji. Yupo mzee mwenye kinu, mhasibu mmoja, dada wa miaka thelathini na kitu, kijana wa mauzo, na vijana wa mashine ambao kompyuta hawaigusi.

Imeili yao iko kwenye domeni yao ya .co.tz na mzee anajivunia hilo, anasema profoma ikitoka Gmail watu wa manunuzi wanakuona wa mtaani. Sawa. Ila anwani ilikuwa moja tu, ya mauzo, inafunguliwa na watu watatu kwa paswedi moja ambayo ni jina la kinu na mwaka kilipoanza, kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye simu ya kila mmoja. Kodi ya kuthibitisha, ile namba inayotumwa kwenye simu ukitaka kuingia, hamna. Halafu inboksi ndo ilikuwa kabati la mafaili, mikataba ya wakulima imo, picha za vitambulisho vya NIDA mbele na nyuma zimo, TIN, karatasi za benki, kila kitu cha miaka na miaka kimelala humo.

Kitu kingine cha kuweka akilini, mwezi na kidogo kabla ya haya walihamisha tovuti na imeili kutoka kampuni moja ya hosting, wanaokodisha seva za kuwekea tovuti na imeili, kwenda nyingine ya bei nafuu. Aliyehamisha ni fundi wa tovuti, akamaliza, akalipwa, akaondoka.

## Mambo yalivyokwenda

Jumatatu mhasibu anatuma profoma kwa shule moja ya Morogoro inayotumia Gmail. Dakika haijaisha, imerudi. Anatuma tena, inarudi tena. Anatuma nyingine kwa hoteli ya hapa mjini yenye seva yake, inafika vizuri tu. Akaona labda ni mtandao, akaipiga picha profoma akairusha WhatsApp, maisha yakaendelea. Zile barua zilizorudi zilikuwa na namba 550 5.7.26 na maelezo marefu ya Kiingereza, na hakuna aliyezisoma. Nani anasoma?

Jumatano asubuhi inaingia imeili inayosema akaunti yenu imezuiwa, barua saba zimekwama kwenye seva, bonyeza hapa uthibitishe umiliki ndani ya masaa 24 la sivyo zitafutwa. Jiweke kwenye nafasi yake. Siku ya tatu hiyo barua zinarudi, mzee kila saa anauliza ya Morogoro imefikia wapi, halafu inakuja barua inakutajia ugonjwa na dawa yake kabisa. Aliifungua kwenye simu akiwa kwenye bajaji anaelekea kazini, na simu inaonyesha jina la mtumaji tu, anwani yenyewe huioni mpaka uguse. Akabonyeza linki. Ukurasa ukafunguka una nembo ya kinu juu kabisa, maana hizi kurasa za kitapeli zinavuta nembo zenyewe kutoka kwenye tovuti yako. Na ile alama ya kufuli pembeni ya anwani ilikuwepo. Watu bado wanafundishana kwamba ukiona kufuli uko salama, wakati cheti cha kufuli mtu yeyote anakipata bure ndani ya dakika chache. Kufuli linasema mazungumzo yenu hayasikiki na mtu wa tatu, halisemi unaongea na nani.

Akaweka imeili. Akaweka paswedi. Ukurasa wa pili ukataka jina kamili, namba ya simu, namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, TIN ya kampuni.

Hapo akasimama.

Nilimuuliza baadaye kwanini pale na sio kwenye paswedi. Akasema, "Kaka, imeili ikiniuliza paswedi ya imeili naona kawaida. NIDA na imeili wapi na wapi? Halafu wanataka NIDA na tarehe ya kuzaliwa, si tarehe imo humohumo?" Ni kweli, namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, anayejua kazi yake hana haja ya kukuuliza vyote viwili. Akafunga ukurasa akanipigia hapohapo, hata ofisini hajafika, akaniambia bila kuzunguka, nimeshaweka paswedi.

Mpaka tunaingia kwenye akaunti kwa kompyuta ilikuwa imepita kama saa moja na nusu. Tulichokikuta ni filta ambayo hakuna mtu wa ofisi aliyeiweka. Barua yoyote inayoingia ikiwa na neno malipo, profoma, benki au invoisi, nakala inatumwa kwenye anwani ya nje, halafu barua yenyewe inasogezwa kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. Maana yake mteja akijibu "mmebadilisha akaunti kweli?", ofisi hailioni hilo swali, tapeli analiona na anajibu mwenyewe, kwa jina la kinu.

Folda ya zilizotumwa alishaisafisha. Ila kwenye takataka tukakuta barua kumi na kitu za kurudishwa, zote na namba ileile 550 5.7.26. Jamaa alikuwa ameshaanza kuwaandikia wateja kwa anwani halisi ya kinu kwamba tumebadilisha benki, lipieni akaunti hii mpya, na Gmail ikamgomea yeye vilevile ilivyomgomea mhasibu Jumatatu. Na kila barua iliyorudi imeandikwa ilikuwa inaenda kwa nani! Yani tulipata orodha ya watu aliowalenga, karibu yote, kutoka kwenye tatizo lilelile tulilokuwa tunalilaani toka mwanzo wa wiki.

## Maamuzi, na ubishi wake

La kwanza halikuwa na ubishi. Tulipiga picha kila kitu, filta, anwani ya nje, barua zilizorudi, ndo tukaanza kufuta. Paswedi mpya ndefu, iliyowekwa kwa kompyuta nyingine na kwa kuandika wenyewe anwani ya hosting, sio kwa linki yoyote. Vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia vikatolewa. Filta ikafutwa. Hili la filta nalisisitiza maana watu wanabadilisha paswedi wanajiona wamemaliza, kumbe filta haijali paswedi, ingeendelea kumpelekea jamaa nakala mpaka mwakani.

La pili ndo mzee alikaribia kunifukuza. Kufikia saa sita nilikuwa nimeshaona kwanini Gmail inakataa. Kwenye DNS ya domeni, yani daftari la mtandao linaloonyesha tovuti na imeili za domeni ziko seva gani, kunakuwa na rekodi inaitwa SPF, kazi yake ni kutangaza seva zipi zinaruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Yule fundi aliyehamisha aliacha ya seva ya zamani akaongeza ya seva mpya pembeni yake. Zikawa mbili. SPF inatakiwa iwe moja tu, zikiwa mbili seva inayopokea inahesabu ni kosa, hakuna inayosomwa. Na DKIM, ambayo ni kama sahihi inayobandikwa kwenye kila barua, haikuwahi kuwashwa. Toka Februari 2024 Gmail inamtaka kila anayetuma awe na angalau moja kati ya hizo mbili, na wale wanaotuma barua 5,000 na zaidi kwa siku wawe na zote na DMARC juu yake, yani rekodi inayosema barua isiyopita ukaguzi ifanyweje. Kinu hakikuwa na hata moja iliyo sawa, kwahiyo kwa Gmail kilikuwa mtu asiyejulikana. Hoteli ilipokea kwa sababu seva yake haikuwa kali kiasi hicho.

Kuna mtu alishamwambia mzee "mmewekwa blaklisti, mtoe hela mtolewe". Niliangalia anwani ya seva kwenye orodha ya Spamhaus, wale wanaoorodhesha seva zinazotuma spamu, haikuwemo. Na hata ingekuwemo, Spamhaus kuondolewa ni bure, anayekutoza hela kwa hilo anakula hela yako.

Sasa kurekebisha SPF ni kazi ya dakika kumi na mzee akasema basi fanya, shule inasubiri. Nikakataa. Tukirekebisha saa sita mchana na hatuna uhakika kama jamaa ametoka kabisa, tunampa lami. Kwa wakati ule kitu pekee kilichokuwa kinamzuia kufika kwa wateja wa Gmail ni ule ubovu. Nikamwambia, mzee wangu, profoma ya Morogoro nitaipeleka mwenyewe kwa simu na WhatsApp, ila huu mlango tuuache umegoma mpaka kesho. Alinyamaza, akasema "haya", ile haya ya kwamba likiharibika ni lako.

La tatu lilikuwa kuwapigia wateja simu, na hapa tulipoteza muda. Mzee aliona aibu. "Mwanangu, tukiwapigia wote tutaonekana ofisi ya watu wasiojielewa." Mhasibu akajaribu kumwelewesha, mzee akatoka kwenda mashineni, na jambo likalala mpaka karibu saa kumi jioni. Aliporudi dada alikuwa ameshaamua, ameanza na wanaodaiwa hela kubwa, anatumia namba za kwenye kitabu cha delivari sio zilizo chini ya imeili. Ujumbe mfupi tu: akaunti yetu ya benki haijabadilika, ukiona barua inasema imebadilika sio sisi, na jambo lolote la malipo nipigie mimi.

Alhamisi asubuhi ikaja simu kwa mhasibu, mwanaume, sauti ya kiofisi kabisa, "dada habari za kazi, napiga kutoka kitengo cha usalama wa mtandao, tunaona imeili yenu imezuiwa, itakuja kodi kwenye simu yako naomba unisomee tuifungue". Na kodi kweli ikaingia, maana usiku wake tulikuwa tumewasha uthibitisho wa hatua mbili na paswedi mpya, na jamaa anajaribu kupitia njia ya umesahau paswedi. Namba ya simu ya dada ilikuwa chini ya kila imeili ya kinu kwahiyo hapo hamna muujiza. Dada akamwambia subiri kidogo, akaweka simu mezani akaendelea na kazi zake. Jamaa alikata mwenyewe.

## Matokeo

Hoteli ilipata barua ya akaunti mpya, ikaamini, malipo yalikuwa yameandaliwa yanasubiri sahihi ya meneja. Simu ya mhasibu ilifika kabla ya sahihi. Ile ndo ilikuwa hela kubwa kuliko zote wiki hiyo.

Hasara ilitokea kwingine. Mwenye duka mmoja njia ya Singida, mteja mdogo, hana hata imeili ya maana, alipata meseji ya kawaida ya simu. Namba yake ilikuwa kwenye invoisi ndani ya inboksi. Meseji ile tunayoijua wote, ile hela ya mafuta tuma kwenye namba hii, sema hii ilikuwa na kiasi kamili anachodaiwa na namba ya invoisi. Nani asingeamini? Alituma laki nne saa tisa alasiri. Mtandao wake wa simu ulipoulizwa hela ilishatolewa kwa wakala. Alichukua RB polisi, mhasibu naye akachukua ya kwake na picha zetu zote, kesi za hivi zinaangukia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Namba iliyotuma meseji iliripotiwa kwa 15040 ya TCRA. Mpaka naandika hakuna hela iliyorudi.

Ijumaa nikaweka SPF moja, nikawasha DKIM, nikaongeza DMARC ya kuangalia tu kwanza bila kuzuia, maana ukianza na kuzuia unaweza ukajifungia nje mwenyewe. Mabadiliko ya DNS yanachukua masaa kadhaa kusambaa. Jioni profoma ya Morogoro ikaenda kwa Gmail ikatua inboksi.

## Uchambuzi

Kilichofanya tapeli aaminike sio ufundi wa barua yake. Tulipopekua folda ya spamu tulikuta barua za aina ileile za miezi ya nyuma, akaunti yako imejaa, akaunti yako itafungwa, tele. Hakuna aliyezijali kwa sababu imeili zilikuwa zinaenda. Hii ilipenya ikakuta shida ya kweli inaisubiri. Nina uhakika jamaa hakujua chochote kuhusu SPF zao mbili, walikutana tu. Kwahiyo kumwambia mfanyakazi "kuwa makini" hakusaidii sana, atakuwa makini siku za kawaida halafu siku mambo yamegoma ataamini yeyote anayeleta suluhisho. Wangesoma ile barua ya Jumatatu wangeona inasema Gmail ndo iliyokataa, na barua ya Jumatano inasema seva yenu ndo imezuia. Hizo ni hadithi mbili zisizokutana. Na tofauti kubwa ni kwamba barua ya kweli ya kurudishwa inakupa sababu na namba ya kosa basi, haina fomu, haikuombi uthibitishe wewe ni nani.

Mhasibu kuna watu walimsema pale ofisini kwamba ndo kasababisha. Mi naona kinyume. Paswedi ilikuwa ya jina la kinu, ingepatikana tu siku yoyote. Yeye alisimama kwenye NIDA na, kubwa zaidi, alisema ukweli wote ndani ya dakika chache. Angeficha mpaka jioni kwa kuogopa mzee, hoteli ingekuwa imeshasaini. Kama una ofisi na mtu akija kukwambia nimebonyeza kitu, usimfokee, hata kama unatamani.

Kusubiri na SPF kulifaa hapa kwa sababu tulikuwa na ushahidi kwamba jamaa yuko ndani na barua zake zinarudi. Sio kanuni ya kila mahali. Kama ingekuwa kuzuiwa tu bila wizi, ungerekebisha asubuhi ileile.

Kilichofeli waziwazi ni yale masaa ya aibu. Kuanzia saa sita mchana tulikuwa na orodha mkononi, simu zikaanza karibu saa kumi, na laki nne ya mwenye duka iliondoka saa tisa. Ni kweli hakuwa kwenye orodha ya barua zilizorudi, ila alikuwa kwenye kitabu cha delivari na angefikiwa tu. Nadhani mzee anajua hili, hajalisema.

Halafu kuna jambo ambalo bado halijafungwa vizuri, zile picha za NIDA za wakulima. Kwa saa moja na nusu kulikuwa na mtu ndani ya akaunti yenye vitambulisho vya watu wengi ambao hawajui hata kama vilitunzwa humo. Hakuna namna ya kujua alipakua vingapi. Toka Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile ya 2022, na ipo Tume yake, na ofisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa ijisajili, iwe benki, hospitali au kinu cha alizeti. Kinu hakikuwa kimejisajili, wameanza mchakato sasa. Wakulima walianza kuambiwa wanapoleta mbegu, wapige *106# waangalie laini zilizosajiliwa kwa NIDA yao kama kuna ngeni. Mmoja mmoja, kwa mdomo, polepole mno kwa maoni yangu. Picha zimehamishwa kwenye diski inayofungiwa kabatini na za zamani zisizo na kazi zimefutwa, na kila mtu sasa ana anwani yake na paswedi yake.

Laki nne ya mwenye duka ilileta mjadala mrefu. Mzee alisema yule alituma kwa namba isiyo ya kinu, jina lililotokea kwenye simu sio la kinu, angepiga simu kwanza. Mwenye duka akasema namba ya invoisi yangu mtu aliipata wapi kama sio kwenu? Wamemalizana nusu kwa nusu, laki mbili zimekatwa kwenye deni lake. Mi ningeikata yote, taarifa zilivujia kwao, ila hiyo sio kazi ya fundi kompyuta na mzee aliniambia hivyohivyo.